Mtu wa Stoo

Mama Mapazia hakumpenda shemeji yake tangu siku ya kwanza, na hakujisumbua kulificha hilo. Siku alipokuja nyumbani kuposa, bwana yule alikaa kwenye kochi kabla hajakaribishwa, akapanga simu zake mbili juu ya meza kama mtu anayepanga sahani, na maji ya kunywa yalipoletwa alikuwa ameshataja wakubwa anaowajua kuanzia ofisi ya ardhi hadi idara ya maji. Mama Mapazia alimtazama kuanzia viatu hadi utosi. Akasonya kimoyomoyo. Loo, alijiambia, mdogo wangu kakosa wanaume wote wa dunia hii, kaenda kuniokotea redio.

Mtaa ulimwita Bwana Namjua, naye alilipenda jina hilo, maana hakuwa na akili ya kujua kwamba anachekwa. Alikuwa dalali wa nyumba na viwanja, na udalali ulikuwa umemwingia kichwani vibaya. Aliamini kila kitu kina mtu wake, na ukishamjua mtu wake basi umemaliza. Maji yakikatika alisema, "Meneja wao namjua." Umeme ukikatika, "Ngojeni, nina kijana wangu pale." Maji yalirudi siku yaliporudi kwa mtaa mzima, na bwana huyo alitoka barazani kifua mbele akisema, "Mmeona? Simu moja tu." Foleni hakupanga hata siku moja. Benki alipita nyuma, shuleni alipita nyuma, ofisi ya vitambulisho alipita nyuma, akasubiri huko nyuma muda mrefu kuliko wale waliopanga mbele, na akatoka akijisifu. "Mlango wa mbele," alikuwa akisema, "ni wa watu wasio na watu."

Mkewe alimcheka na kumpenda hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomkera Mama Mapazia kupita yote. Mke mwenyewe waliyemwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wa kwao, alikuwa mdogo wake wa pekee. Mama yao alifariki Kitinda hajaanza hata kutambaa vizuri, na dada ndiye aliyembeba mgongoni huku miguu ikikanyaga cherehani. Alimlea kati ya mabunda ya vitambaa. Alimsomesha kwa mapazia ya watu. Halafu, baada ya kazi yote hiyo, akaja dalali mwenye simu mbili akamchukua.

Jumamosi hiyo Kitinda alikuja dukani kumsaidia dada yake kutia pete kwenye mapazia ya hoteli moja iliyotaka mzigo wake upesi. Alifika amekunja uso. Tumbo lilimsumbua tangu usiku, alisema, lilianzia kitovuni, sasa limehamia huku chini kuliani. Alitia pete chache, akaacha. Akainama. Mchana ulipofika akatapika ndani ya kikapu cha vipande vya vitambaa, na Mama Mapazia alipomshika paji la uso alikuta linachoma.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu, dada. Sitaki hata kusikia habari ya chakula."

Hapo Mama Mapazia alifunga duka bila hata kufunika cherehani, akampigia simu Bwana Namjua. Hakupenda, lakini ndiye aliyekuwa na gari.

Gari lilikuja linang'aa nje na kunuka ndani, kama lilivyo siku zote. Kitinda alilazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya dada yake, magoti ameyavuta kifuani. Kila gari liliporuka shimo alitoa sauti ndogo, na kila alipotoa sauti hiyo mumewe alisema, "Pole mama, tunafika kwa daktari wangu sasa hivi." Daktari wangu! Daktari wa mtaa mzima huyo, mwenye zahanati yenye mlango wa kijani karibu na soko, lakini kinywani mwa Bwana Namjua alikuwa wake peke yake.

Zahanati ilikuwa imefungwa. Jumamosi hufungwa mchana, na mtoto yeyote wa mtaa ule anajua. Kufuli lilining'inia mlangoni, na juu yake palikuwa na kibao cheupe kilichoandikwa kwa herufi kubwa ambazo hata asiye na miwani angezisoma: ZAHANATI IKIFUNGWA, MGONJWA WA DHARURA APELEKWE MLANGO WA DHARURA WA HOSPITALI KUU. UKO WAZI MCHANA NA USIKU. USISUBIRI.

"Haya, kumeandikwa," alisema Mama Mapazia. "Twende hospitali."

Bwana Namjua alikitazama kibao kile kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia.

"Shemeji, hayo wameandikiwa watu wa kawaida. Mimi nina namba yake ya mfukoni. Ya mfukoni kabisa, wanayo watu wachache sana." Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni, akaanza kutembea mbele ya mlango huku mkono mwingine ameutia mfukoni.

Simu ikaita. Iliita ndani ya zahanati. Kriii, kriii, ilisikika wazi nyuma ya mlango wa kijani, juu ya meza ya mapokezi pasipo na mtu. Bwana Namjua aliacha kutembea. Akakata. Ndani kukawa kimya. Akapiga tena, maana kuna watu ambao hata ukweli ukiwapiga kofi huomba la pili, na ndani ikaita tena, kriii, kriii.

"Shemeji," Mama Mapazia alisema, "mfuko wa daktari umo humu ndani. Labda kavua suruali akaiacha."

Akacheka. Alicheka hadi akashika ukuta, na alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia kwa muda mrefu. Kutoka garini Kitinda aliita, "Dada, mnacheka nini?" na sauti yake ilikuwa imekauka.

Mwenye aibu angefyata mkia hapo. Bwana Namjua alivuta suruali juu, akasema daktari huenda amebadilisha namba kwa sababu za usalama, na kwamba kwa vyovyote vile hospitali kuu ndiko kwenyewe.

"Tutaingia mlango wa dharura," alisema Mama Mapazia.

"Ule? Ule ukiingia leo unatoka Jumatatu, shemeji. Unakaa kwenye benchi na walevi. Mimi pale nina mtu. Mkubwa wa stoo. Nilimtafutia nyumba mimi mwenyewe. Neno lake moja tu, daktari bingwa anashuka."

"Mtu wa stoo anamwamuru daktari bingwa?"

"Hujui mambo ya ofisi, shemeji. Wewe baki na mapazia yako."

Hilo la mapazia lilimkaa kooni. Angeweza kumjibu. Angeweza pia kumnyang'anya usukani, kwa hali aliyokuwa nayo. Badala yake alifunga mdomo, akaingia garini, akasema polepole, "Sawa, bwana mkubwa. Tupeleke kwa mtu wako." Na ndani ya kifua chake kitu kilijikunja kwa furaha, kikakaa kusubiri.

Geti la nyuma la hospitali ndilo la magari ya taka na nguo chafu. Bwana Namjua alishusha kioo, akamwambia mlinzi ana miadi na mkubwa wa stoo, akasema kwa sauti nzito ya mtu anayechelewa kikao. Mlinzi akafungua. Walinzi wengi hufungua wakisikia sauti nzito, ndiyo maana dunia imejaa watu wa aina hii. Wakapita jengo la kufulia, wakapita lundo la vitanda vilivyovunjika miguu, wakaingia kwenye jengo refu na kumkalisha Kitinda kwenye benchi la mbao mbele ya kliniki ya macho.

Kliniki ya macho haifanyi kazi Jumamosi. Milango yake yote ilikuwa imefungwa. Ukutani palibandikwa ule ubao wa herufi za kupimia macho, kubwa juu, ndogo chini, na hapakuwa na kiumbe mwingine isipokuwa ndoo na fagio. Bwana Namjua alipiga simu. Mkubwa wa stoo akapokea! Uso wa dalali ukanawiri. "Mzee wangu! Niko hapa nyuma kwako... Eeh... Eeh, mke wangu... Nakusubiri basi, mzee wangu." Akakata, akamgeukia shemeji yake. "Anakuja. Kasema tusiondoke hapa."

"Yuko wapi?"

"Yuko karibu."

Nyuma ya sauti ya huyo mkubwa, Mama Mapazia alikuwa amesikia waziwazi vuvuzela na watu wakishangilia bao. Akaliweka akiba.

Walikaa. Bwana Namjua alikwenda mwisho wa ukumbi kutafuta mtandao, akawa anapiga na kupigiwa, na maneno yake yaliwafikia vipande vipande: mzee wangu, kiongozi, nikumbuke, yule wa kile kiwanja. Alikwisha kumpa mkewe dawa ya kupunguza gesi aliyoikuta garini, ambayo hakuna aliyejua iliwekwa lini. Kitinda alijilaza kwenye benchi, akaegemeza kichwa pajani kwa dada yake kama alivyofanya utotoni homa ilipompanda. Jasho lilimlowesha shingo.

Mbele yao palikuwa na dirisha. Ukitazama nje uliona uwanja mdogo wa saruji, na ng'ambo ya uwanja, mlango mpana wenye taa nyekundu na neno DHARURA juu yake. Ulikuwa wazi. Walevi waliosemwa hawakuwapo. Palikuwa na mwanamume mmoja aliyefunga mkono kwa taulo na mama mmoja mwenye mtoto, na mlangoni alisimama muuguzi mnene akinywa maji kwenye chupa, ametulia, kama mtu ambaye kazi yake haijaanza.

Kitinda naye aliuona.

"Dada," alinong'ona. "Twende pale tu. Naomba. Twende pale."

Kutoka kwenye benchi lile hadi mlango ule mtoto angerusha mpira ukafika. Mama Mapazia alitazama mlango, kisha akatazama mwisho wa ukumbi, alikokuwa shemeji yake amesimama na simu sikioni, anatikisa kichwa kukubaliana na mtu ambaye hakuwa anamsikiliza. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni. Alikuwa anakaribia kushindwa. Ilionekana hata kwenye mabega. Bado kidogo tu, na bwana yule angerudi na simu zake mbili zimekufa mkononi, aseme, shemeji, nimekwama. Miaka yote ya "Mmeona?" Miaka yote ya kifua mbele. Mama Mapazia angelichukua neno hilo moja, angelikunja vizuri kama kitambaa cha bei, na angelitoa harusini, msibani, na kila siku maji yatakapokatika.

Akampangusa mdogo wake jasho.

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema. "Leo nataka aone mwenyewe."

Kitinda alimtazama. Alifumba macho, akauma kona ya khanga.

Jua lililokuwa magotini mwao lilihama taratibu, likapanda ukutani, likafika kwenye herufi za kupimia macho. Kitinda alikuwa anaguna sasa bila kujizuia. Mama Mapazia alianza kuingiwa na hofu ambayo hakuipa jina, akajiambia bado kidogo, anakuja, anakuja kusema sasa hivi. Na kweli Bwana Namjua alianza kurudi, hatua nzito, uso umeshuka.

Kitinda akanyoosha miguu.

"Limeacha," alisema.

"Nini?"

"Tumbo. Limeacha, dada. Hata siamini." Akajiinua, akakaa. Alikuwa mweupe midomoni, lakini alitabasamu. "Yaani limeacha hivi hivi, ghafla."

Jamani, mngemwona Bwana Namjua! Uso uliokuwa umeshuka ulipanda kama lifti. Alipiga makofi, kofi moja kubwa lililotoa mwangwi ukumbi mzima. "Mmeona? Nilisema mimi! Gesi hiyo! Ile dawa yangu ndiyo iliyofanya kazi. Sasa fikirini, tungeingia kule mbele, wangeshampasua saa hizi. Twende nyumbani mama, ukapumzike. Huyu mzee wa stoo nitamwambia asijisumbue."

"Twende," alisema Kitinda. "Nataka kulala tu."

Mama Mapazia alibaki amekaa. Hebu mfikirie mtu aliyesubiri sahani yake tangu asubuhi, ikaletwa mbele yake, halafu ikachukuliwa akapewa jirani. Bwana yule alikuwa ameponyoka tena! Angetembea mtaani wiki nzima akieleza jinsi alivyoitambua gesi kwa macho tu. Mama Mapazia hakujua lolote la matumbo. Hakuwa na dalili, hakuwa na elimu, hakuwa na ndoto wala mashaka ya maana. Alikuwa na chuki tu, chuki safi, na chuki hiyo ilimwambia kwamba kitu chochote kinachosemwa na kinywa kile hakiwezi kuwa kweli.

"Hatuendi nyumbani," alisema akiinuka. "Tunaingia pale mbele."

"Kufanya nini, shemeji? Mtu amepona!"

"Amepimwa na nani? Na wewe? Ng'o! Siku nikikubaliana na wewe nitajua nimekufa. Kitinda, inuka. Inuka nakwambia."

Akamshika mdogo wake kiunoni, akampitisha mlango wa pembeni, wakakatiza uwanja wa saruji, Bwana Namjua nyuma yao akilalamika kwamba wanamwaibisha kwa mzee wake. Kitinda alitembea vizuri mwanzo. Katikati ya uwanja miguu ikaanza kumlegea.

Muuguzi aliweka chupa yake chini, akamketisha, akashika mkono wake na kuuliza maswali kwa sauti ya kawaida, huku kalamu inatembea. Lilianzia wapi? Likahamia wapi? Ametapika? Na sasa anasikiaje?

"Sasa hana kitu," alidakia Bwana Namjua. "Limeacha. Nilimpa dawa ya gesi."

Kalamu ikasimama.

"Limeacha ghafla?"

"Ghafla kabisa," alisema dalali kwa fahari.

Muuguzi hakumtazama tena. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Kitinda, akakandamiza kidogo, na tumbo lile lilikuwa gumu kama ubao. Akageuza kichwa akaita jina la mtu huko ndani, mara moja, kwa sauti iliyomfanya yule mwanamume mwenye taulo ainuke kitini. Kitanda cha magurudumu kikaja. Pazia likavutwa.

"Mlimtoa nyumbani saa ngapi?" aliuliza muuguzi huku anakimbiza mikono.

"Mchana, lakini tulikuwa hapo nyuma," alisema Bwana Namjua. "Pale kwenye macho. Tulikuwa tunamsubiri mtu."

"Mtu gani?"

"Mkubwa wa stoo."

Muuguzi alisimama nusu sekunde akamtazama, na Mama Mapazia, ambaye alidhani anajua dharau ilivyo, aliiona siku ile kwa mara ya kwanza ikiwa imekomaa.

"Wa stoo," alirudia muuguzi. "Akuletee nini? Mashuka? Mlango huu una taa nyekundu, baba. Hauna kufuli. Haujawahi kuwa na kufuli. Sogea."

Wakaondoka na Kitinda. Khanga yake ilibaki sakafuni, na Mama Mapazia aliiokota akakaa nayo.

Kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji walikaa wawili, mmoja huku, mmoja kule. Simu moja ya dalali ikalia. Alipokea bila kutazama, na sauti ya furaha ikasikika hadi kwa Mama Mapazia: "Ndugu yangu! Ulikuwa unasemaje pale? Nilikuwa uwanjani, tumewafunga!" Bwana Namjua alisema, "Hakuna kitu, mzee wangu," akaizima. Akazima na ya pili. Halafu akaanza kulia, kwa kelele, makamasi na yote, kama alivyofanya kila kitu maishani mwake.

"Sina mtu, shemeji," alisema. "Sijawahi kuwa na mtu. Yule wa stoo nilimtafutia nyumba, akahama kwa sababu inavuja, akanitukana. Nikiwapigia wananiambia subiri, mimi nasubiri. Maji yakirudi nasema ni mimi. Wewe ulinijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakuogopa kwa sababu hiyo."

Ndiyo hiyo sahani sasa! Imeletwa mbele yake, tena imejaa hadi pomoni. Mama Mapazia aliitazama, na hakuweza kumeza hata tonge moja.

"Mimi nilikuwa nampeleka nyumbani," aliendelea. "Angefia kitandani huku namwambia ni gesi. Ni wewe uliyekataa. Mungu akulipe, shemeji."

"Nyamaza," alisema Mama Mapazia. "Nyamaza, tafadhali."

Daktari aliyemfanyia upasuaji alitoka giza likiingia, mwanamke kijana mwenye alama ya kofia kwenye paji la uso. Aliwaeleza wakiwa wamesimama. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka na usaha umesambaa tumboni. Wamesafisha wanavyoweza. Kikipasuka, alisema, maumivu huacha kwa muda, na watu wengi hurudi nyumbani wakishukuru, halafu huwa ni habari nyingine. Huyu ana bahati kwamba kuna mtu alimleta hata hivyo. Lakini si salama bado, wasubiri siku hizi mbili tatu.

"Angekuja mapema kidogo?" aliuliza Mama Mapazia. Hakujua kwa nini anauliza. Alijua.

"Angekuja kwetu alipofika hapa mchana, ningekitoa kikiwa kizima. Kesho kutwa angekuwa nyumbani kwake."

Siku zile zilikuwa ndefu. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Bwana Namjua alilala kwenye benchi, akapanga foleni ya dawa, akapanga foleni ya maabara, akisimama nyuma ya watu bila neno. Na alipowasha simu zake, ilikuwa kumsifia shemeji yake. Aliwapigia ndugu wote. Alimwambia muuza duka, alimwambia mlinzi wa geti la mbele, alimwambia hata yule muuguzi mnene: "Mimi nilikuwa mjinga, huyu ndiye aliyemwokoa mke wangu." Watu walikuja wodini wakimshika Mama Mapazia mkono kwa mikono miwili. Hongera, mama. Wewe ni mama kweli. Aliitikia, akageukia dirisha. Pazia la wodi lilikuwa limekatwa vibaya na pindo lake limefumuka, na alilitazama pindo hilo mpaka alilijua uzi kwa uzi. Kila aliposifiwa alitaka kumwambia mtu amnyamazishe dalali, na safari hii dalali alikuwa hasemi uongo, au alidhani hasemi.

Asubuhi homa iliposhuka isipande tena, Kitinda alifumbua macho na kuyaacha wazi. Midomo ilikuwa imepasuka. Mrija ulipita puani. Alitazama dari, akatazama chupa ya maji yanayodondoka, mwisho akamwona dada yake. Mama Mapazia aliinama haraka, akamshika shavu, machozi yakimtoka asijali nani anaona.

"Mwanangu. Uko hapa. Usiseme kitu, pumzika."

Kitinda alisogeza midomo. Ilibidi dada yake aweke sikio karibu.

"Dada," alisema. "Ameona?"

Mama Mapazia alibaki ameinama hivyo hivyo. Neno lile lilikuwa lake mwenyewe, la kwenye benchi mbele ya kliniki ya macho. Haya ilimpanda kutoka miguuni hadi masikioni, yakawaka moto. Nyuma yake alisikia viatu, na Bwana Namjua akaingia na chupa ya chai mkononi, akaona macho ya mkewe yako wazi, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Ameamka! Anasema nini, shemeji? Nani ameona? Ameona nini?"

Kitinda hakumjibu mumewe. Aligeuza kichwa kidogo juu ya mto, akamwangalia dada yake, akasubiri.